Ndoo ya Langoni

Târgu Lespezi,
Jumatatu, 20 Mei 2024

Dada yangu mpendwa Saveta,

Salamu nyingi zikufikie huko Bologna, na baada ya salamu nataka kujua hali yako. Goti linaendeleaje? Na yule bibi unayemtunza, bado anakuita kila dakika kumi kukuuliza wewe ni nani? Mimi ni mzima, ila presha tu, ambayo daktari anasema inaletwa na chumvi na mimi nasema inaletwa na watu. Paraschiva, wifi yako, anakusalimu sana. Mcheri wa mama ulichanua vizuri mwezi wa nne, kisha baridi ikarudi ghafla ikaua maua yote, kwa hiyo mwaka huu usitegemee jamu ya cheri. Nimekuwekea ya plamu, mitungi minne.

Usishangae kuikuta barua hii chini ya mitungi, imefungwa ndani ya taulo. Posta siiamini tena. Yule mama wa dirishani aliniuliza habari za goti lako kabla mimi mwenyewe sijamwambia mtu kwamba una goti. Kwa hiyo nitampa Costache, dereva wa basi dogo la Ijumaa linalokwenda Italia. Naye simwamini sana, maana ni mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusema, lakini Costache hasomi hata vibao vya barabarani, kwa hiyo kwake siri haina pa kupitia.

Habari kubwa ya hapa ni kwamba timu yetu ya Zahărul inatimiza miaka mia moja mwezi wa tisa. Kiwanda cha sukari hakipo, kilishauzwa vipande vipande mpaka misumari, lakini timu ipo, daraja la nne, na kondoo wa Mzee Achim bado wanakula majani karibu na kona ya kusini. Meya akaamua kwamba lazima kiandikwe kitabu cha historia ya timu, kisomwe mbele ya watu kwenye ukumbi wa utamaduni, na kila nyumba ipewe nakala. Akaniteua mimi, kwa kuwa nilikuwa mtunza vifaa wa timu miaka thelathini na moja, na akamteua pia Mwalimu Haralambie Ciubotă, yule wa michezo, mwenye masharubu ya kuchonga. Nilipouliza kwa nini wawili, meya alisema kazi ni nyingi. Mimi niliona kuna namna. Kitabu kimoja huhitaji watu wawili pale tu mmoja wao anapowekwa kumwangalia mwenzake.

Tuligawana. Mimi nikapewa miaka ya mwanzo hadi mwaka wa sitini, yeye iliyobaki. Najua haya yote unayajua, dada, uliyanyonya pamoja na maziwa, lakini nataka ujue nilivyoyaandika. Niliandika kwamba mwaka 1924 mafundi wa kiwanda, pamoja na mchemsha sukari mmoja wa Kicheki, waliuanza mpira kwenye uwanja wa kumwagia viazisukari, na kwamba walijifunza kupiga mipira ya juu kwa sababu chini palikuwa na matope ya vuli yenye harufu ya mabaki ya viazi. Niliandika habari za jezi za kwanza zilizoshonwa kwa magunia meupe yaliyopakwa mstari wa kijani. Niliandika kwamba wakati wa vita walibaki na jozi saba za viatu, na wachezaji wanne wa nyuma walikuwa wakicheza peku mpaka mapumziko, kisha wanabadilishana na wa mbele.

Na niliandika habari ya ndoo. Mwaka 1931 timu ilipokuwa ikitoka langoni kwenda kucheza ugenini, bibi yetu Casandra alikuwa anatoka kisimani, akakatiza mbele yao na ndoo iliyojaa. Nahodha akatumbukiza sarafu majini, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye akili akikutana na ndoo iliyojaa, maana iliyojaa huleta bahati na tupu huleta nuksi, na siku hiyo wakashinda tano bila. Tangu hapo hakuna safari iliyofanyika bila bibi Casandra kusimama langoni. Alipozeeka akasimama mama. Mama alipoumwa miguu ukasimama wewe. Miaka hamsini na mitano, dada, ndoo ile ilikuwa mikononi mwa wanawake wa nyumba yetu, na hakuna mchezaji aliyepita bila kuchungulia maji na kujiona uso. Sura hiyo niliiandika vizuri. Paraschiva alilia, na yeye si mtu wa kulia.

Sasa ngoja nikueleze kilichonikasirisha. Mwezi wa pili Haralambie alinipa rasimu yake nisome. Nikaenda moja kwa moja kwenye mwaka 1986, maana hapo ndipo nilipokuwa nikimngojea. Akaandika hivi, nimenakili neno kwa neno: "Timu ilishuka kutoka daraja la pili, na haijarudi tena hadi leo, siku ambayo Saveta Pânzaru aliisindikiza langoni kwa ndoo tupu, akijua kuwa ni tupu." Jina lako zima. Kwenye kitabu. Kila nyumba nakala moja.

Nilimwendea nikiwa nachemka. Nikamwambia hilo si jambo la kuandika, ni umbea wa sokoni. Akaniambia eti historia haiandikwi kwa kuulizana nani ni dada wa nani. Nikamwambia basi aandike na jinsi refa alivyowapa wale wa kiwanda cha saruji penalti ya uongo. Akasema ameandika. Akasema pia ameandika kwamba Silvestru Bârlea, nahodha wetu, alikosa penalti yetu dakika ya themanini na nane. Kisha akajikuna masharubu akasema, "Leontin, we mwenyewe ulikuwepo langoni. Kama dada yako hakuimwaga, nani aliimwaga? Nipe jina lingine, nalifuta lake sasa hivi, mbele yako."

Nilitoka. Njiani nilijiambia kwamba swali lile halikuwa la bure, kwamba alikuwa ananipima.

Wiki mbili baadaye, Jumapili ya mechi, nikakuta ndoo langoni. Ndoo ya bati, mpya, imejaa maji mpaka ukingoni, imewekwa palepale ulipokuwa ukisimama, upande wa kushoto, chini ya bango. Hapakuwa na mtu. Wachezaji wa siku hizi, watoto wenye vitu masikioni, waliipita kama wanavyopita jiwe. Mmoja akatemea pembeni yake. Mimi nilisimama pale nikiiangalia. Mechi ile siikumbuki hata matokeo yake.

Jumapili iliyofuata ikawepo tena. Na iliyofuata. Tukicheza nyumbani ipo, tukicheza ugenini ipo saa ya kuondoka.

Nilimshuku Haralambie kwanza, kwamba ananicheza shere ili nipoteze mwelekeo na kitabu kibaki chake peke yake. Nikamfuata Jumapili moja tangu kanisani hadi kwake, nikamwona anamenya kitunguu jikoni, na ndoo ikawepo langoni vilevile. Nikamgeukia Eudochia, mjane wa marehemu Pamfil, aliyekuwa dereva wa basi la timu. Yule mama ananiangalia vibaya tangu mumewe afariki, na mgonjwa akiwa kitandani husema mengi. Nikampelekea keki, nikaketi saa nzima nikizungukazunguka maneno. Mwishoni akaniuliza kama nimekuja kumposa, maana kama ndivyo, Paraschiva ana habari? Huyo nikamwondoa kwenye orodha.

Nikaenda hata bandani kwangu kuangalia ndoo yetu ya zamani, ile ya enameli ya buluu aliyoniachia mama. Ilikuwa ipo, chini ya turubai, na vumbi lake halijaguswa. Na nisikufiche, dada, nilikushuku hata wewe. Nilidhani umemwagiza mtu kutoka huko, umemlipa aniwekee ndoo mbele ya macho kila Jumapili mpaka nishike kichwa. Ndiyo maana Pasaka nilipokupigia simu sauti yangu ilikuwa kavu. Ulisema labda mtandao. Haukuwa mtandao.

Jumapili iliyofuata Pasaka nikajifungia kwenye kibanda cha tiketi tangu saa moja asubuhi, na chupa ya chai. Saa tatu kasorobo nikasikia mguu unaburutwa. Nikachungulia kwenye tundu. Alikuwa Silvestru.

Najua hilo jina hatulitaji tangu alipokuacha. Nalitaja kwa kuwa sina njia nyingine. Ana miaka sitini na minane sasa, nyonga imekwisha, anatembea amelala upande mmoja. Alikuwa ameibeba ndoo kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, anasimama kila hatua tano, na maji hayakumwagika. Akaiweka chini, akafuta ukingo kwa mkono wa koti. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Toka humo, Leontin. Unakohoa kama trekta."

Nikatoka. Akaniuliza kama nimehamia kwenye kibanda au nimefukuzwa na mke. Nikamwuliza anataka nini na ndoo. Sikumwuliza kwa upole, dada, nilimwuliza kama polisi, maana nilikuwa na hakika kwamba anajua na amekuja kunimaliza.

Hakuwa anajua lolote. Aliketi kwenye ngazi akanyoosha ule mguu. Akaniambia kwamba baada ya mke wake kufariki alibaki na muda mwingi wa kufikiri, na mawazo yote yanaishia pale langoni. Anasema sarafu alipoitupa siku ile, badala ya kuzama, ililia. Ililia kwenye bati tupu na timu nzima ikasikia. Anasema alipouweka mpira kwenye nukta ya penalti aliisikia tena, ndiyo sababu akapiga angani. Hata hivyo, alisema, angeweza kukusamehe ndoo. Ulimwambia kwamba uliijaza asubuhi, na nusu ya moyo wake ilikuamini. Kilichomshinda ni koti. Miezi miwili baada ya timu kushuka akakuona kanisani na koti jipya la kijivu lenye kola ya manyoya, mwaka ambao hata soksi zilikuwa za kupanga foleni, na watu wakamwambia wale wa saruji ndio waliolinunua. Akakuuliza limetoka wapi. Ukasema kwa binamu. Akaenda kwa binamu, binamu hakujua lolote.

"Nilimwacha mwanamke kwa sababu ya koti," akaniambia. "Sasa naweka ndoo. Watoto wanadhani nimerukwa na akili. We niambie tu, Leontin, lile koti lilitoka wapi? Nife nikijua."

Nilimwambia sijui. Nikaichukua chupa yangu ya chai nikaenda nyumbani.

Dada Saveta, kaa chini kama umesimama.

Unakumbuka jinsi ilivyokuwa mwaka ule, maji ya bomba yanatoka alfajiri kwa muda wa saa mbili tu, kisha bomba linapiga miluzi hadi kesho yake. Uliijaza ndoo saa kumi na moja, ukaifunika na lile taulo la mama ulilolitarizi ndege wawili, ukaiacha nyuma ya kibanda cha tiketi, ukaenda kuvaa. Yote uliyosema ni kweli. Uliijaza.

Saa sita mchana, wafanyakazi wakiwa kwenye chakula, mimi na Pamfil tulikuwa tunapakia magunia matatu ya sukari kwenye buti la basi, chini ya mfuko wa mipira. Lilikuwa agizo la mhandisi mkuu. Alisema refa anapenda chai tamu. Basi tayari lilikuwa bovu. Pamfil akafungua rejeta akakuta imekauka. Akanishika kola, akaniambia, "Sikiliza kijana, nikichemsha pale kwenye mlima wa Măgura, polisi wanakuja kutusaidia kusukuma, wanafungua buti, na mimi na wewe tunakula pamoja jela." Hapakuwa na tone la maji kiwanda kizima. Nikaikumbuka ndoo yako. Niliikimbilia mwenyewe, nikaimimina yote kwenye rejeta mwenyewe, nikairudisha mwenyewe na kuifunika na taulo lako. Nilinuia kwenda kisimani kwa Mzee Achim kuijaza upya, dakika kumi tu. Mhandisi akaniita nihesabu viatu. Nikahesabu viatu. Nikasahau.

Nilikumbuka nilipokuona unainua. Nilikuwa mlangoni mwa basi. Niliona mikono yako inavyopanda haraka kwa wepesi wa ile ndoo, nikaona uso wako ukibadilika, kisha nikaona unavyojikaza na kuinama kidogo kana kwamba ni nzito, ili wasijue, ili wasivunjike moyo. Wewe ulitaka kuiokoa timu. Watu wakasema ulijua. Ni kweli ulijua, tangu nusu dakika kabla yao. Ningeweza kupiga kelele pale. Ningeweza kusema hata uongo, kwamba nimenywa, kwamba nimenawa. Sarafu ikalia, nikapanda basi, nikakaa juu ya mfuko wa mipira.

Maji yako yalipanda mlima wa Măgura bila kuchemka hata mara moja. Refa alipokea magunia yote matatu na bado akatunyonga. Sitaki ucheke, ila kama utacheka nitaelewa.

Wiki ile ile ukaguzi wa sukari ukaanza kiwandani, wakamchukua mtunza bohari mmoja, na mimi nikafunga mdomo. Ulipolia nilikuambia labda ndoo inavuja. Mama akaijaza, akaiweka juu ya meza, siku tatu. Haikuvuja hata tone. Siku ya tatu mama hakuiangalia ndoo, aliniangalia mimi. Na alipokaribia kufa, wewe ukiwa huko Bologna, aliniachia ndoo mimi, mwanamume, na wakati huo nilijifanya sielewi kwa nini.

Na koti lilitoka kwangu. Pamfil alikuwa amechota mfuko mdogo wa sukari kwenye magunia yale, akanigawia, nami nikaubadilisha kwa koti kwa mama mmoja wa dukani, kwa kuwa nilikuwa siwezi kukutazama na nilitaka uwe na kitu kizuri. Nikakuomba useme limetoka kwa binamu, kwa ajili ya usalama. Ukasema hivyo kwa sababu ulinipenda. Nilikuvisha mimi mwenyewe ushahidi mgongoni. Sikujua kwamba Silvestru aliondoka kwa ajili ya koti. Hilo naapa sikulijua mpaka mwezi huu. Ya ndoo niliyajua miaka thelathini na minane, na tangu mwaka tisini hapakuwa na jela ya kuogopa. Hapo nilichoogopa ni watu kuacha kuniita Mzee Leontin wa Zahărul. Hicho tu. Nakuandikia nikiona haya.

Miaka yote hii nimekuwa nikiwashuku watu, mama wa posta, Haralambie, Eudochia, meya, wewe. Paraschiva husema nilizaliwa hivyo. Sikuzaliwa hivyo. Nilianza siku ile kwenye basi, nikimwangalia kila mmoja usoni kuona nani aliniona.

Juzi Jumamosi nilikwenda kwa Silvestru kabla sijaandika barua hii, kwa sababu najijua. Ningekuandikia kwanza, ningeichana. Alikuwa anamenya viazi. Nilimweleza yote, rejeta, magunia, koti. Nikamwekea mezani ile sarafu yake ya lei tatu, maana ilibaki ndani ya ndoo siku ile, nikaja kuitoa, na sikuwahi kuitumia. Hakuacha kumenya. Akamaliza kiazi, akachukua kingine. Aliniuliza jambo moja tu, kama wewe unajua. Nikasema bado. Akaniambia, "Basi unangoja nini hapa kwangu?" na akanionyesha mlango kwa kile kisu, bila hasira.

Jana Jumapili timu ilikuwa inaondoka kwenda kucheza ugenini. Langoni hapakuwa na ndoo. Nilikuwa nimekuja na ya kwetu, ile ya buluu, nimeisugua nikaijaza kisimani kwa Mzee Achim, nimeifunika na taulo lako. Nikasimama upande wa kushoto chini ya bango. Watu walikuwepo, na Haralambie alikuwepo, maana nilikuwa nimemwambia tangu asubuhi, "Umetaka jina lingine. Andika langu." Watoto wa timu wakaanza kunitania. Mmoja akauliza, "Mzee, unaoga hapahapa au tukuletee pazia?" Wenzake wakacheka. Nikafunua taulo, nikaishika ndoo kwa mikono miwili.

Silvestru akaja na fimbo yake wakati basi limeshawashwa. Watu wakampisha. Alisimama mbele yangu akachungulia majini muda mrefu, kama walivyokuwa wakifanya zamani. Nikadhani atanisemesha. Akaitoa ile sarafu mfukoni, akasema, "Hii ni ya Saveta. We shika ndoo tu."

Akaiachia. Ilizama, dada. Haikutoa sauti yoyote.

Tulifungwa mbili moja, kama unataka kujua.

Leo asubuhi nimepeleka ukurasa kwa mchapaji, na sahihi yangu, na Haralambie akatia yake chini. Jina lako limebaki mahali pamoja tu katika kitabu kizima, baada ya la bibi na la mama, kwenye orodha ya wanawake walioibeba ndoo iliyojaa. Mwezi wa tisa nitausoma ukurasa ule mwenyewe ukumbini. Meya anasema ukurasa huo utaharibu sherehe. Nimemwambia aweke muziki baada yake.

Sikuombi urudi, wala sikuombi uniite ndugu yako kwa simu. Silvestru naye hakuniagiza lolote, na mimi simsemei. Ukitaka kunitukana nitukane kwa barua, ili nizipate na kuzisoma zote, na nitazipokea hata kupitia kwa yule mama wa posta.

Paraschiva anakusalimu tena. Yeye sasa anajua, na analala chumba cha nyuma. Mzee Achim anakusalimu, na Eudochia anauliza kama huko dawa ya mgongo ni nzuri. Mitungi ifungue kwa uangalifu, mmoja mfuniko wake umelegea. Linda goti, usipande ngazi bila sababu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kosa,

Leontin Pânzaru

Nimesahau. Lile taulo lililofunga barua nadhani umeshalitambua kwa ndege wake. Usilikung'ute dirishani. Kwenye kona yake nimepiga fundo, na ndani ya fundo kuna sarafu. Silvestru alisema ni yako.